Sketi ya Bibi Udagwenga na Pua ya Shamimu

Saa mbili asubuhi katika soko la Katesh, Shamimu Abdulswamad anapuliza kaa la moto kwenye chetezo, anadondosha punje mbili za utomvu wa manemane, kisha anafunika kwa tenga. Juu ya tenga anatandaza sketi ya ngozi. Moshi unapenya. Jirani yake muuza vitunguu anapiga chafya.

"Leo unachoma nini tena, zizi?"

"Pua yako imezoea vitunguu, niache," anajibu Shamimu, na wote wanacheka.

Shamimu, mwenye miaka 41, anauza manukato. Marehemu baba yake alitoka Kondoa kununua ngozi za wafugaji wa Hanang, na binti alikua akilala juu ya marobota. Tangu serikali ilipofungua milango ya biashara, chupa za manukato ya Dubai zimejaa kila meza. Naye anaziuza, atafanyaje? Lakini fahari yake ni kichupa kisicho na lebo, cha shilingi 1,500: vipande vya ngozi vilivyofukizwa manemane, vikalowekwa kwenye mafuta siku arobaini.

Mwandishi wa makala haya alijipaka kidogo mkononi. Mwanzoni ni uchungu na moshi mtupu; nusura aombe maji anawe. Baada ya nusu saa ngozi ikajitokeza, nzito, yenye joto. Jioni ulibaki utamu, na mwandishi alikuwa bado ananusa kiganja chake mbele za watu bila aibu.

Ila sketi ya leo si ya biashara. Ni ya Bibi Udagwenga wa Endasak, mama wa Kibarabaigi aliyeivaa tangu alipoolewa. Wiki tatu zilizopita binti yake, Kornelia, akitaka mama apendeze kwenye harusi ya mjukuu, aliifua. Kwa sabuni ya unga! Ngozi ya namna hiyo hupakwa samli, haijui ndoo.

Bibi, ambaye macho yake yamefifia, aliishika, akainusa, akairudisha. "Hii ni ya mwanamke mwingine," alisema. Bila sketi yake haendi harusini, na harusi ni Jumamosi hii.

"Nililia, jamani," anasema Kornelia. "Nilidhani namheshimu mama, kumbe namvua nguo."

Akaipeleka kwa Shamimu, naye amejaribu mara mbili kuirudishia harufu yake. Mara ya kwanza, kwa moshi wa manemane peke yake, Bibi alisema, "Hili ni kanisa la Kornelia." Mara ya pili akasema ni kiatu cha dukani. Basi juzi Shamimu akapanda pikipiki mpaka Endasak, akakaa nyumbani kwa Bibi kutwa nzima, kazi yake kunusa tu. Alasiri akamwona Kornelia akisafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto.

"Nikajiambia, wewe Shamimu, mjinga kweli!" anasimulia. "Mwanamke amefukiza vibuyu miaka hamsini, moshi ule utakosaje kwenye sketi yake?"

Kwa hiyo leo, chini ya tenga, pamoja na manemane kuna vipande vya mti uleule wa kusafishia vibuyu. Sketi ikishaiva moshi, anaipaka samli, anaikunja, anapanda pikipiki.

Saa saba mchana yuko Endasak.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeniletea kiatu tena?"

 Shamimu anamwekea sketi mapajani. Bibi anaiinua hadi puani, anainusa pindo hadi pindo. Kornelia anauma kidole. Kisha Bibi anasimama, anajifunga sketi kiunoni, anaipigapiga kwa viganja.

"Ilikuwa wapi siku zote hizi?" anauliza.

Kornelia anaangua kilio, safari hii cha furaha.

Shamimu ana mpango wa kufungua duka lake mwenyewe na kuupeleka mchanganyiko huu hadi Babati, makao makuu ya mkoa mpya. Lakini harufu hii ina mwenyewe, hivyo anaomba ruhusa kwanza.

Mkono wa Bibi bado uko juu ya sketi.

"Uza, mwanangu," anasema. "Ila kila anayenunua umwambie asifue."