Nyuzi za Buluu Kisimani

Kabla ya kujaza ndoo, bibi yangu huchota maji kwa kata ya kibuyu, huyainua juani, na kuyatazama. Anatafuta wadudu wa maji, wadogo kuliko punje ya ulezi, wanaorukaruka humo bila kuchoka. Akiwaona, huyachuja kwa kitambaa, akachemsha, akanywa. Asipowaona, huyamwaga. "Maji yaliyomshinda mdudu," husema, "mimi nitayaweza?"

Miaka michache iliyopita nilitoka Bariadi kwenda kumsalimu kijijini kwake, Mwamanyili, nikakuta kingo za kisima chake zimebomoka. Nikakusanya viroba vya plastiki vya buluu tulivyokuwa tukihifadhia mpunga, nikavijaza udongo, nikavipanga kukizunguka kisima. Bibi aliwatambia majirani: "Mume wangu wa mjini amenijengea ikulu."

Jua lilivila viroba polepole. Vikatoka nyuzi, nyuzi zikakatika, mvua ikazikokota hadi majini. Mimi nilikuwa mjini, nikijisifu moyoni.

Mwaka huu bibi alinipigia simu. "Wadudu wamepungua. Njoo uangalie, huenda ni macho yangu."

Nilikwenda na binamu yangu, mwalimu wa biolojia, aliyeifunga hadubini ya shule ndani ya khanga kama mtoto mchanga. Alipima tone baada ya tone hadi akampata mdudu mmoja. Niliinama nikatazama. Mwili wake ulikuwa kama kioo. Niliuona hata moyo ukidunda. Tumboni, mahali pa chakula, ulijikunja uzi wa buluu.

"Amejaza tumbo kwa kisichoshibisha," binamu alisema kwa sauti ya chini. "Akiwa hivi, hata kuzaa huzaa kwa shida."

"Mmeona nini?" bibi aliuliza.

Nilitamani kumwambia ni macho yake tu. Nikamwambia ni viroba vyangu.

"Basi tuviondoe, mume wangu."

Alishika kiroba kimoja, akavuta. Kikamvunjikia mikononi kama jani kavu, vipande vikaangukia majini. Nikavuta kingine, kikafanya vilevile. Maji yakajaa vumbi la buluu.

"Acha," bibi alisema. "Tunazidi kuwalisha."

Kesho yake asubuhi nilimwona ameinua kata juani. Alisubiri sana, asione kinachorukaruka. Kisha akayarudisha maji kisimani, taratibu, kana kwamba kuna aliyelala ndani, akaondoka na ndoo tupu.