Mtaro Hadi Mlangoni kwa Mshonaji

Jumamosi ile ya salongo, kazi yetu ya pamoja ya kutengeneza njia, niliamka nikiwa nimeshaupima mtaro kichwani mara saba. Avenyu yetu, barabara ya mtaa hapa Sake, mashariki mwa Kongo, haipati fedha ya ukarabati kutoka kokote. Tunailipia sisi tunaokaa humo. Kila nyumba huleta mabeseni ya mawe meusi ya volkano, wenye nguvu hushika majembe, wasio na nguvu huleta sufuria ya maharagwe. Mimi, niliyemaliza masomo ya ujenzi na bado sina kazi, nililipa kwa kuchora mtaro.

Mwisho wa mteremko anakaa Mama mshonaji. Kila mvua iliponyesha, maji ya barabara yaliingia kwake mpaka kwenye pedali ya cherehani. Alikubali tukate ukingo wa bustani yake baada ya mimi kumwahidi, mbele ya watu wote, kwamba hayataingia tena. Wiki nzima ahadi ile ilinitafuna. Je, kama nimekosea mteremko? Je, kama nitamwongezea maji badala ya kumpunguzia?

Siku iliyotangulia nilikuwa nimepigilia vijiti vya mikaratusi njia nzima, kila kimoja na alama ya kina cha kuchimba. Asubuhi sikukuta hata kimoja. Mzee jirani yangu, tunayemwita Papa, akaja akitabasamu, ameshika fungu lililofungwa vizuri kwa kamba.

"Nilikuchungia miti yako, dada. Watu wangeipikia yote."

Vipimo vyangu vyote viling'oka pamoja na vijiti. Na watu walikuwa wameshaanza, kama kawaida yetu: kila nyumba inachimba mbele ya lango lake, kwa kina inachotaka. Juu ya vilima vya Masisi mawingu yalikuwa meusi. Kupima upya kungechukua siku nzima.

"Leteni bidoni ya maji!" nikapiga kelele, kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Tukamwaga dumu zima huko juu, maji yenyewe yatuonyeshe pa kuongeza kina. Yakakimbia, yakapinda, yakasimama mbele ya lango la Papa yuleyule.

"Papa, maji inalala kwako!" mama mmoja akacheka. "Umeitandikia kitanda?"

"Inapumuzika tu, iko na safari ndefu," akajibu, huku jembe lake limeshazama.

Bidoni ya pili ikampita, ikakwama kwa yule mama aliyecheka. Kelele zilizopigwa hapo! Watu wakaacha kulinda vipande vyao, wakaanza kuyafuata maji. Nami niliyafuata bila viatu, nikiruka upande huu na ule wa mtaro, sketi ikapasuka hadi gotini, nikaendelea kukimbia. "Chimba! Chimba tena!" Kwa mara ya kwanza wiki ile, sikuwaza kitu.

Mvua ilitukuta tukipanga mawe ya mwisho. Hakuna aliyerudi nyumbani. Tulisimama sote mlangoni kwa Mama mshonaji, tumelowa, tukitazama juu. Maji yakaja ya kahawia, na povu na kandambili moja ya mtu. Yakafika kwenye kona ya bustani. Nikashika mkono wa Papa jirani.

Yakapinda. Yakapita.

Tukapiga vigelegele mpaka makoo yakatuuma. Mama mshonaji aliinama, akagusa sakafu yake ya udongo kwa kiganja, akakitazama. Kikavu. Kisha akaketi na kuvuta cherehani karibu.

"Ingia, injenia," akaniambia, akiitazama sketi yangu iliyopasuka. "Leta iyo jupe yako nishone. Muntu wa avenyu yetu hawezi kutembea vile."