Kilemba cha Nyanya Kwenye Jalada

Nyanya yangu, mama mzazi wa mama yangu, alivaa kilemba cheupe tangu alipojiunga na dhehebu lake hadi asubuhi tuliyomkuta ameaga. Watu wa dhehebu lile hawafunui kichwa hadharani. Yeye alifunuliwa mara moja tu. Karani wa vitambulisho alimwambia avue au arudi nyumbani, naye akavua, akapigwa picha. Kitambulisho kile hakukitoa ila kwa lazima, tena akifunika picha kwa kidole gumba.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho, nami nilikuwa nafundisha kompyuta katika chuo kidogo cha Karatina. Kwa hiyo kazi ya kuandaa programu ya mazishi, kile kijitabu wanachogawiwa waombolezaji, niliachiwa mimi. Nilipanga kurasa nne: wasifu, nyimbo, ratiba, na jalada lenye picha yake akiwa amesimama nje ya kanisa lao na kilemba chake. Alhamisi asubuhi nikaipeleka matbaa ya Nyeri katika disketi moja. Tulikuwa tunamzika Tetu Jumamosi.

Mjomba, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alikuwa ameshafika. Fundi alipofungua faili, maneno yote yalikuwepo, lakini kwenye jalada palikuwa na kisanduku cha kijivu. Nilijua papo hapo nilichokosea. Faili ya ukurasa hukumbuka tu mahali picha ilipohifadhiwa, na picha yenyewe nilikuwa nimeiacha kwenye kompyuta ya chuo. Kosa hilo nilikuwa nawakataza wanafunzi wangu kila muhula.

Mjomba akatoa kitambulisho cha Nyanya mfukoni mwa koti. Alikuja nacho tayari. Alikuwa mzee wa kanisa jingine, kanisa ambalo watu wa vilemba huchekwa mlangoni mwake, na wazee wenzake wangekuwepo Jumamosi.

"Weka hii," alimwambia fundi. "Watu wanakuja kuzika, si kuangalia picha."

"Basi tuchape bila picha," nikasema.

"Wewe msichana, mwenyekiti ni mimi."

"Na mimi ndiye niko na faili." Nikachomoa disketi na kuitia mkobani.

Fundi alisema angetengeneza bamba la chapa saa tisa, na baada ya hapo hangenisubiri. Nikarudi Karatina. Picha ilikuwa ya rangi, kubwa kupita nafasi ya disketi. Nikaigeuza iwe nyeusi na nyeupe, nikaipunguza hadi kipimo cha jalada, ikaenea. Safari hii nilinakili faili zote mbili, kisha nikazifungua kutoka kwenye disketi kwa kompyuta nyingine kabla ya kuondoka.

Saa nane na nusu fundi alitoa karatasi ya majaribio. Nyanya alikuwa amepigwa picha mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kilemba cheupe, ukuta mweupe, karatasi nyeupe: juu ya paji la uso hapakuonekana kitu.

Mjomba akaitazama bila haraka. "Ona, hata kompyuta imemvua."

Fundi alicheka, kisha akaniangalia na kugeukia kompyuta yake.

Nilimwomba anipishe kitini. Akasema wateja hawaruhusiwi kukaa pale. Nikamwambia nitamwita nikimaliza, na nikakaa. Nilifuata ukingo wa kilemba kwa kipanya, kunjo moja baada ya jingine, ili nitie ukuta rangi ya kijivu bila kugusa kitambaa. Kipira cha kipanya kilikuwa kichafu na kilikwama kila mara. Nilikosea kwenye sikio, nikafuta, nikarudia. Saa tisa ikapita. Fundi akaenda kumwambia mwenzake wa mashine aanze na kadi za harusi.

Mjomba aliniuliza kama kweli nimeamua kuipigania hadi mwisho, kwa ajili ya kitambaa.

Sikugeuka. "Anko, alivuliwa mara moja akiwa hai. Mimi simvui."

Karatasi ya pili ilipotoka, kilemba kilisimama wazi juu ya kichwa chake. Ukuta ulikuwa na madoa, lakini kilemba kilikuwa kilemba. Fundi akamsogezea mjomba kalamu, kwa kuwa bila sahihi bamba halitengenezwi. Mjomba akaweka mikono mfukoni na kusema hatatia sahihi.

Nikaichukua kalamu na kuandika jina langu chini ya jalada.

Fundi alitutazama wote wawili. "Kwani mwenyekiti ni nani hapa?"

"Ni yeye," nikasema. "Wewe tengeneza bamba."

Akalitengeneza.