Buibui Aliyevaa Sura Yangu

Yule buibui nilimtunga mimi mwenyewe, sina wa kumlaumu. Nilimtunga kwa ajili ya mchezo. Jumamosi moja kila mwezi tulikuwa tunakutana watu wanne kwa rafiki yangu kule Olasiti, tunaizunguka meza, dadu katikati. Mmoja anakuwa msimulizi, wengine wanakuwa mashujaa wa nchi ya kubuni. Msimulizi anawaletea mikasa, nao wanarusha dadu kuamua kama wamepona au wamekwisha. Watu wazima wenye ndevu, ndiyo. Mke wa rafiki yangu alipita na sinia la chai akitutazama kwa huruma.

Msimulizi nilikuwa mimi, na nilikuwa najisikia kweli. Nikataka zimwi ambalo halimo katika kitabu chochote. Nikatunga buibui mkubwa kama ndama, anayemmeza mtu msituni kisha anavaa sura yake, sauti yake, hata kumbukumbu zake, na kurudi nyumbani kwa yule mtu kama kawaida. Ndugu wanampokea, wanampakulia chakula. Tatizo lilikuwa moja: mashujaa wangemtambuaje? Zimwi lisilo na dosari linaua mchezo.

Jibu nililipata kwa bibi yangu, kule Nkoaranga mlimani alikokuwa akiishi na shangazi yangu. Nilimkuta uani anamenya ndizi, nikamsimulia buibui wangu nikitaka kumtisha. Hakutishika. Alicheka mpaka kisu kikamdondoka, kisha akafikiri kwa makini, kama mtu aliyeulizwa habari za mpaka wa shamba.

"Huyo ni rahisi," akasema. "Atakuwa mwema mno. Mtu wako wa kweli akija lazima alalamike. Wewe hapo, tangu umefika umeshasema njia ina matope, mbwa wa jirani wamekubwekea, shangazi yako kachelewesha chai. Ndiyo maana najua ni wewe."

Nikayaandika maneno yake kwenye daftari. Dosari ya buibui: wema uliozidi. Tulipokutana tena mezani, mashujaa wote watatu waliliwa na mama mpole aliyewatandikia vitanda, nami nikashangiliwa. Mchezo ukanoga. Wenzangu wakataka tucheze kila Jumamosi, na mimi nikakubali kabla hawajamaliza kusema. Jumamosi zisizo za mchezo zilikuwa za bibi. Kutoka Sombetini ninakoishi hadi kwake si safari ya kuagana na watu. Unatoka asubuhi, mchana uko kwake unakula. Sikwenda. Nikawa napiga simu, kisha nikawa natuma salamu kwa shangazi, kisha hata salamu nikawa nazisahau. Ikapita karibu miaka miwili.

Shangazi ndiye aliyenipigia. "Bibi yako kichwa kimeanza kumwacha," akasema. "Njoo angali anajua watu."

Nilipanda kwake mlimani siku ileile, hatia imenijaa kifuani. Nilibeba mkate, sukari na kitenge kipya. Nilimwamkia kwa unyenyekevu, nikamchemshia maji, nikapiga magoti nikamwosha miguu. Kila alichosema niliitikia ndiyo bibi, ndiyo bibi. Alinikazia macho muda mrefu, kisha akaichomoa miguu yake kwenye beseni.

"Huyu siye," akamwambia shangazi. "Mjukuu wangu hana adabu hivi. Huyu ni yule buibui."

Shangazi alicheka, akidhani ni maneno ya uzee. Mimi sikucheka. Bibi alikuwa amesahau mazishi ya mumewe, alikuwa akisahau maziwa jikoni mpaka yanafurika, lakini zimwi langu alikuwa nalo lote, pamoja na dosari yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Uji wa shangazi aliunywa; mimi nikiushika ule ule, anafumba mdomo. Basi mchezo nikauacha, nikawa napanda kila Jumamosi, na nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: anitambue kabla hajafa, hata mara moja.

Nilijaribu kila kitu. Naona aibu kulisema hili, lakini Jumamosi moja niliamua kununa. Niliingia nikilalamika: njia mbovu, mbwa wa jirani, chai iko wapi. Nilidhani nitamwona anatabasamu. Alijikunyata kitini akaanza kulia, bibi wa watu, amefokewa na mgeni ndani ya nyumba yake. Nilitoka nikakaa kwenye migomba nikalia na mimi, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilijichukia, nikazichukia na zile dadu.

Shangazi alinifuata huko. "Umemkosea," akasema. "Kamwombe radhi kwa sale." Kwetu mtu akikuletea jani la sale, lile linalopandwa mipakani, huna ruhusa ya kumnyima msamaha, hata kosa likiwa la damu. Juma lililofuata nikakata jani moja kwenye mpaka wa shamba, nikampelekea kwa mikono miwili, magoti chini.

Kichwa kilichosahau mengi hakikusahau sale. Alinyoosha mgongo, akalipokea.

"Umenikosea nini?"

"Nilikaa mbali, bibi. Miaka miwili sikuja kukuona."

Akalitazama jani, akanitazama na mimi, kwa upole ambao sikuwa nimeuona tangu nilipoanza kurudi.

"Hapana, mwanangu, hilo si lako," akasema. "Hilo ni kosa la mjukuu wangu. Wewe unakuja kila mara. Kama kuna lingine ulinikosea, nimekusamehe, sale hairudishwi. Lakini ukimwona huko mjini, mwambie aje. Mwambie simgombezi."

Nikamjibu kwamba nitamwambia. Siku ile alikunywa uji wote kwa mkono wangu, kijiko kwa kijiko, huku akinisimulia jinsi mjukuu wake alivyo mnunaji, na jinsi anavyomkumbuka. Alifariki mwaka uleule, kabla kahawa haijaiva shambani, akiwa bado ananisubiri.