Vigozi vya pampu nilivyovitoa sadaka nikiwa edani

Wakuu wa baraza, salaam aleikum, na shikamooni mlionizidi umri.

Haya yamenipata mwenyewe, hapa Malindi, mtaa wa Barani. Sitatia chumvi. Nilipokosea nitasema nilikosea. Madarasa yangu ni machache, mnivumilie.

Mume wangu Athmani alikuwa fundi wa serikali tangu vita na Mjerumani vilipoanza. Kazi yake ilikuwa pampu moja pale kisimani, inayojaza mapipa ya maji. Mapipa hupakiwa kwenye magari ya ng'ombe, yakapelekwa kambini Jilore, huko bara, kwa askari na wapagazi.

Ndugu yangu Salim ni mmoja wa hao wapagazi.

Ndani ya pampu mna kigozi cha duara. Kikichakaa, pampu haivuti maji. Inakohoa tu.

Sasa sikieni sheria ya stoo: hupewi kigozi kipya mpaka upeleke kilichokufa. Na hicho kipya hutoka Mombasa, siku kumi na zaidi. Siku hizo kumi askari wanywe nini, sheria haisemi.

Athmani alimwomba karani wa stoo fedha za vigozi vya akiba. Karani akamjibu, "Fundi, serikali haimnunulii dawa mtu asiyeumwa."

Basi akawa anakata mwenyewe, kwa ngozi aliyoinunua kwa mshahara wake. Huvichovya mafuta, akaviweka pamoja na nguo zake kuukuu. Mie nikimtania sana. Paa letu lilikuwa linavuja, nikamwuliza, "Nami nikianza kuvuja utanikatia?"

Alicheka mpaka akaangusha kisu. Mungu amrehemu.

Homa ilimchukua kwa siku nne.

Nikaketi eda. Kwa desturi yetu, nguo za maiti hupewa aliyemwosha. Nikafunga furushi lote, nikampelekea Mzee Kombo, mwosha wetu. Sikulipekua. Sikuweza kuzishika zile nguo moja moja.

Hapo ndipo nilipokosea, wakuu.

Mwezi haujaisha, nikasikia hodi. Karani yuko nje, mie ndani nyuma ya pazia, shemeji yangu Bakari kasimama katikati. Pampu imekufa. Magari manne yameshafungwa ng'ombe, mapipa matupu. Kambini maji yaliyobaki ni ya kesho tu.

"Bibi, marehemu alikuwa na akiba ya vigozi. Iko wapi?"

Nikamfikiria Salim, yuko kule kambini.

Bakari akainamia pazia, akaninong'oneza, "Sema ipo, lakini kila kimoja rupia tano. Wamebanwa hawa."

Nikajibu kwa sauti ya kusikika, "Shemeji, hapa havipo. Nimevitoa sadaka kwa mwosha maiti."

Karani akauliza, "Yaani serikali ya Mfalme imsubiri mwosha maiti?"

"Hata wewe utamsubiri siku moja," Bakari akamwambia.

Wakaenda kwa Mzee Kombo. Mie siwezi kutoka, kwa hiyo haya nayasema kama alivyonieleza Bakari.

"Vile vigozi vya mafuta?" Mzee akafurahi. "Vizuri mno vile! Tangu niviweke, siafu hawapandi."

Alikuwa ameviweka chini ya matendegu ya kitanda, vyote vinne. Na juu ya kitanda yuko mkewe, Bi Mize, anaumwa kiuno.

"Sishuki," Bi Mize akasema. "Mkivitaka, inueni."

Basi karani wa serikali, na koti lake la vifungo, akainua kitanda na bibi wa watu juu yake. Bi Mize akamhimiza, "Taratibu, mwanangu, hujabeba mchanga!"

Vitatu vilikuwa vimebonyea, havifai. Kimoja kilikuwa kizima, cha upande wa miguuni, kwa kuwa Bi Mize hulala amejikunja.

Wakakitia, pampu ikavuta. Magari yakatoka kabla ya adhuhuri.

Kesho yake karani akarudi, sauti imeshuka. Nani atakata vingine? Nikamwambia nitakata mie, maana ni mie niliyekuwa nikimshikia Athmani ngozi. Lakini serikali inunue ngozi sasa, pampu ikiwa nzima.

Akasema hilo halina fungu la fedha. Ataandika pampu imevunjika.

"Haijavunjika," nikasema. "Mie siuzi uongo nikiwa edani, wala nikishatoka."

"Basi niandike nini?"

"Andika ilivyokuwa. Andika na kitanda."

Akaandika. Nasikia bwana mkubwa alisoma mpaka kwa Bi Mize, akavua miwani kwa kicheko, akatia sahihi ya ngozi nzima ya ng'ombe.

Siku ya tatu mwendesha gari akaniletea salamu za Salim: "Mwambie dada tumekunywa, na ng'ombe wamekunywa."

Nililia siku ile, wakuu. Tangu mazishi nilikuwa sijalia.

Nililojifunza: furushi la marehemu lipekuliwe, hata kama mikono haitaki kuzishika nguo zake. Na kitu kizima nacho kinataka fedha, hasa kikiwa kinabeba roho za watu.

Sasa semeni ninyi. Huko kazini kwenu yuko nani anayenunua vya akiba kwa mshahara wake, watu wakimcheka? Mtajeni hapa, na mumshukuru angali hai. Mie nilichelewa.