Siku Mama Alipoingia Kibanda cha Video

Kila jenereta inapowashwa kwenye duka la jirani na harufu ya petroli ikanifikia, narudi kimawazo Busiu nilikokulia, kwenye kibanda cha video cha mabati kilichoendeshwa kwa jenereta, ambacho Mama alinikataza kabisa kuingia.

Jumapili moja mchana nilitoroka mazoezi ya kwaya nikaingia. Ndani mlinuka jasho na karanga, watu walibanana kwenye mabenchi, na mtafsiri wa filamu alipayuka kwenye maikrofoni. Kwenye skrini gari jekundu lilikuwa likikimbizwa na polisi, matairi yakifuka moshi, nilipohisi sikio langu likivutwa. Alikuwa Mama, na gauni lake la kanisani.

"Toka! Leo utanijua."

"Mama, ngoja kidogo! Wanamfukuza na hakuiba yeye!"

"Nani hakuiba?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Gari likapenya katikati ya malori mawili, na vidole vya Mama vikalegea sikioni.

"Mbona hakati kona?" akanong'ona. Kisha, kwa sauti iliyowageuza wanaume wote: "Kanyaga mafuta, bwana! Kanyaga!"

Mbele, daraja lilikuwa limevunjika. Kibanda kizima kikasimama, nami sikuona ila migongo. Mama akaninyanyua juu ya vichwa vyao, nikaliona gari likiruka, likielea hewani, likitua salama ng'ambo. Tulipiga kelele hadi mabati yakatetemeka.

Tulipofika nyumbani alikuwa bado anahema. Baba alitukuta mlangoni.

"Mmeshinda wapi?"

Mama akanishika bega. "Tumeshinda," akasema, akaingia ndani akicheka.