Ngazi ya Nane ya Uwanja wa Nchelenge

Haya ninayoandika yalinifikia mimi mwenyewe, muchana, jua likiwa juu ya kichwa, na sikuwa nimekunywa pombe. Naanza na hilo kwa sababu najua watu. Wengine wataniambia ilikuwa njaa. Labda. Siku ile sikuwa nimekula, siwezi kulificha. Lakini njaa haiachi alama kwenye simenti, na alama ile iko pale mpaka leo. Ukipita Nchelenge, nenda uiguse.

Mimi ni mason, fundi wa kujenga. Shule niliachia darasa la tano, kwa hiyo musinihukumu kwa uandishi. Mwisho wa miaka ya tisini, vita ilipofika upande wetu wa Congo, nilivuka ziwa Mweru peke yangu mpaka Nchelenge, upande wa Zambia, kutafuta mahali pa kuweka familia. Bibi yangu Feza na watoto wetu wawili walibaki ng'ambo kwa mama yake. Tulipatana: mwezi mumoja, kisha nao wavuke. Mwezi ukaisha. Wa pili ukaisha. Kila mutumbwi uliofika nilienda kuuliza, na jibu lilikuwa lile lile: hatukuwaona.

Kazi nilipewa na Bashi Mutale, ndivyo Wabemba wanavyomuita baba wa Mutale kwa heshima. Alikuwa mukubwa wa ujenzi wa uwanja wa michezo. Hakuniuliza karatasi. Aliniangalia mikono tu.

"We Congo, hii mikono inajua tofali?"

"Inajua, Bashi Mutale."

"Basi anza. Maneno tutasema tukila ubwali," akasema, yaani ugali.

Namushukuru hata leo.

Wacha nieleze uwanja wenyewe, maana bila hivyo hutaelewa. Zamani palikuwa mahali pa kuanika nyavu. Baadaye vijana wakang'oa nyasi wakacheza mupira, na wavuvi wakasukumwa pembeni. Kisha ikaja mikutano ya siasa, kisha maombi ya makanisa, kila mutu akivuta kwake. Mwishowe komite ya wenyeji ikasema, tujenge kitu kimoja cha wote. Kiwanja cha mupira katikati. Kukizunguka, njia ya kukimbilia, ya changarawe nyekundu iliyoshindiliwa. Nyuma ya goli moja, netball ya wanawake. Nyuma ya goli lingine, shimo la kurukia lenye muchanga wa ziwani. Upande mumoja tribini, yaani ngazi za kukalia watu, saba, za mawe na simenti. Mawe yalibebwa na wenyeji. Hata wajane walileta.

Sasa kosa. Tribini waliiweka upande wa mashariki, uso kwa ziwa. Huku Nchelenge jua linazama ndani ya maji. Muchezo unaanza saa kumi, na saa kumi na moja kila aliyekaa pale jua liko ndani ya macho yake. Mimi nilibebaga simenti kwenye ujenzi wa uwanja kule Lubumbashi, na jambo la kwanza nililosikia ni hili: mutazamaji jua awe nalo mugongoni. Nikamuuliza Bashi Mutale kwa nini walifanya hivi.

"Mutu wa hapa hakai akiupa ziwa mugongo," akasema. "Bwana yake ako ku maji. Ataangalia mupira na jicho moja, mutumbwi na lingine."

"Lakini mutumbwi hauonekani, Bashi Mutale. Matete yanaziba."

Ilikuwa kweli: hata kwenye ngazi ya saba uliona matete, halafu maji ya mbali sana. Katikati hukuona kitu. Siku ya mazoezi, Bana Chola, mama anayeuza chisense, wale samaki wadogo wa kukauka, alikaa na ungo kichwani kujikinga. Wakamuuliza nani amefunga. "Goli sikuliona," akasema, "nililisikia."

Watu wakacheka, nami nikapata nguvu ya kusema. Nikaiambia komite: vunjeni, tuihamishe upande wa magharibi. Wengi wakakubali. Wangekata neno Jumapili baada ya kanisa. Wazo lile lilikuwa langu, si la mutu mwingine, naliandika wazi.

Jumamosi tuliendelea na kazi. "Mpaka waseme," Bashi Mutale alisema, "sisi tunapiga lipu." Saa sita wenzangu wakaenda kula. Mimi nikabaki kulainisha simenti mbichi ya ngazi ya saba. Ndipo nikaona mutu anapanda kutoka upande wa ziwa. Muzee kidogo, si muzee sana. Suruali imelowa mpaka kiunoni. Mukononi ana kamba ya wavu yenye mafundo.

"Jambo, mason."

"Jambo, papa."

"Unajengea nani?"

"Watu wa hapa. Ni uwanja."

"Najua ni uwanja. Mi njo nilipimaka," akasema, yaani yeye ndiye aliyeupima.

Nikadhani ni mutu wa komite ambaye sijamujua. Akainama, akalaza kamba yake juu ya simenti yangu. Nikakasirika, sitasema uongo.

"Papa, utaharibu, haijakauka."

"Haitaharibika. Angalia kule. Unaona nini?"

"Matete."

"Panda."

"Nipande wapi? Hapa njo mwisho."

"Njo kosa lenyewe," akasema. "Si jua. Jua haiue mutu. Usiigeuze. Ongeza ngazi moja."

Kisha akaomba maji. Nilikuwa na kikombe cha bati, nikamupa. Niamini, alikunywa kama mutu aliyekaa siku nyingi bila maji, naye huku amelowa. Koromeo lilipanda na kushuka. Akanirudishia kikombe, akasema asante. Kilikuwa kimejaa vilevile, mpaka maji yakanimwagikia vidoleni.

Niliinama kukiweka chini. Nilipoinua kichwa hapakuwa na mutu. Uwanja uko wazi pande zote, angejificha wapi? Nyayo za maji zilikuwa kwenye ngazi, zote zinapanda. Labda za kushuka zilikauka kwanza, jua lilikuwa kali. Watu wananiuliza, alikuwa na kivuli? Saa sita ile hata mimi sikuwa na kivuli. Siwezi kusema nisichokiona.

Kamba nayo haikuwepo, lakini ilikuwa imeandika. Pale kwenye simenti, mustari na mafundo yake, kama nyoka aliyemeza mayai.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nilienda nyumbani kwa Bashi Mutale, nikamueleza yote. Bibi yake akacheka. Yeye akaacha kula.

"Kamba ilikuwa na mafundo?"

"Ndiyo."

Akanawa mikono, kisha akanisimulia. Yeye akiwa mutoto, aliyepima kiwanja kile mara ya kwanza alikuwa mufuma nyavu kutoka ng'ambo kwetu. Alipima kwa kamba ya wavu, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kupimia. Siku moja mutumbwi wake ulipasuka ndani ya matete, jioni, karibu kabisa na kiwanja. Aliita. Watu walikuwa pale wanacheza mupira, na hakuna aliyemuona. Hawakumupata tena.

"Labda njo yeye," akasema Bashi Mutale. Labda. Mimi sikuonyeshwa picha, siwezi kuapa.

Kwenye komite nikasimama, nikasema nilikosea, tribini ibaki, ila tuongeze ngazi moja. Mukubwa wa komite akanitazama.

"Jana jua, leo ngazi. Kesho utatuambia tujenge juu ya muti."

Wote wakacheka, na walikuwa na haki. Sikuwaambia habari ya mutu yule. Niliogopa. Mugeni akiitwa muchawi, atakimbilia wapi tena? Mwishowe wakaacha mambo ya kuvunja, nafikiri kwa kunichoka tu, lakini simenti ya ngazi ya nane wakakataa. Bashi Mutale akanipa mifuko iliyokuwa ya choo. Choo cha uwanja kikakaa bila sakafu hadi mwaka uliofuata. Waliokitumia, naomba radhi.

Ngazi ikakauka. Wiki zikapita. Kwa Feza hakuna habari. Nilianza kujiambia kwamba nimeiibia komite simenti kwa ajili ya njaa yangu mwenyewe.

Kisha ikaja siku ya mechi kati ya vijana wa sokoni na vijana wa Kafutuma. Jua lilikuwa pale pale kama kawaida, watu wote mikono usoni. Mimi nilikaa ngazi ya saba. Juu yangu, ya nane, Bana Chola na ungo wake. Ilikuwa goli moja kwa moja. Nikamusikia nyuma yangu, akiita "enyi watu" kwa Kibemba.

"Mwe bantu, kile nini ndani ya matete?"

"Ni jua, mama," mutu akamujibu. "Linakudanganya."

"Jua linapungaka kitambaa?"

Nikasimama. Kutoka ya saba, matete tu. Nikapanda ya nane. Wallahi, kimo cha ngazi moja, goti la mutu, na ziwa likafunguka. Maji mekundu, na juu yake kitu cheusi kimelala upande, na watu ndani yake wanachota maji kuyatupa nje.

Nilipiga kelele, sijui nilisema nini, watu wanasema niliita kwa Kiluba, lugha ya kwetu. Refa alipuliza filimbi, lakini vijana walikuwa wameshatoka, timu zote mbili, na viatu vyao vya mupira, wakiruka juu ya njia ya kukimbilia kuelekea mitumbwi ya wavuvi. Bashi Mutale, na tumbo lake lile, alikuwa mbele yangu.

Waliwatoa wote. Motari, yaani injini, ilikufa, mutumbwi ulipita bandari bila kuonekana ukaingia matete, na ubao ulikuwa umefunguka. Aliyekuwa nyuma, anachota maji kwa sufuria, mutoto mumoja mugongoni na mwingine kati ya magoti, ni Feza.

Yeye ndiye aliyesema kwanza.

"Miezi minne. Nyumba umejenga?"

"Bado."

"Umejenga nini basi?"

Nikamuonyesha. Akaangalia tribini, na watu waliokuwa bado wamesimama juu yake.

"Tulikuwa tumeacha kupiga kelele," akasema. "Halafu tukaona watu wamekaa juu ya matete, wote wanatutazama. Tukaanza tena."

Nilingoja miaka mitatu kabla ya kumuambia kwamba walikuwa wanatazama mupira.

Mechi ile haikumalizika. Kafutuma wanasema walikuwa wanashinda, sokoni nao wanasema hivyo hivyo. Ilikuwa moja kwa moja, mimi nilikuwepo. Watoto wetu sasa ni wakubwa. Alama ya kamba bado iko ngazi ya saba. Bashi Mutale, kabla hajafa, alinitania kwamba niliichora mwenyewe. Usiku mwingine nami nimejiuliza. Kila Jumamosi saa sita napeleka kikombe cha maji pale juu, naacha. Mara kinabaki kimejaa, mara kitupu. Mbuzi za Bana Chola zinapitaga pale, kwa hiyo sisemi kitu. Nasema asante tu, nashuka.

Ila wewe unayesoma, mutu aliyelowa akikuomba maji, mupe kwanza, maswali baadaye. Ukifika uwanjani kwetu kaa unapotaka, na jua litakuumiza, tunaomba utuvumilie. Lakini ukikaa ngazi ya nane, usiupe ziwa mugongo. Na ukiona kitu kinatikisika ndani ya matete, usiseme ni jua. Simama.